Maumivu baada ya kiharusi: Kwa nini kukata neva hakuleti nafuu

MAUMIVU yanayomzukia mtu wiki au miezi kadhaa baada ya kupatwa na kiharusi ni miongoni mwa maradhi ambayo jamaa za mgonjwa huyaelewa kwa taabu sana. Mkono umepooza, ngozi imekufa ganzi, na daktari akiichoma kwa pini mgonjwa huenda asihisi lolote. Lakini mkono huo huo ndio unaomkesha usiku kucha. Atasema unaungua kana kwamba umetiwa kwenye makaa, au unauma kwa baridi kama uliozamishwa katika barafu. Shuka ikimgusa anaruka. Upepo wa dirishani ukimpuliza anapiga yowe. Si ajabu kwamba wapo wanaodhani anadeka, au kwamba akili yake imeguswa pia.

Wataalamu huyaita maumivu ya neva, na haya ya kiharusi ni yale ambayo chanzo chake kimo ndani ya ubongo. Katika maumivu ya kawaida neva ni tarishi tu: mtu akikanyaga mwiba, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na kutoka huko habari hupanda hadi ubongoni. Katika maumivu ya neva tarishi mwenyewe ndiye mgonjwa, au ofisi inayopokea barua ndiyo iliyoharibika, na habari za mwiba zinafika ilhali mwiba haupo. Utafiti uliofanywa nchini Denmark na kuchapishwa mwaka wa 1995 ulikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya wagonjwa wa kiharusi walipatwa na maumivu ya aina hii katika mwaka wa kwanza.

Hapa yafaa tutanabahi jambo moja la lugha. Kiswahili cha kila siku kina neno moja, mshipa, linalobeba mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano za misuli na hata ugonjwa wa ngiri. Mgonjwa akiambiwa kwamba kuna "mshipa utakaokatwa", huenda akaondoka hospitalini akiwa na picha isiyokuwa kabisa. Katika makala haya tutatumia neno neva kwa mshipa wa fahamu.

Sasa swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza ni hili: ikiwa mkono ndio unaouma, na neva ndizo zinazopeleka maumivu, kwa nini neva za mkono huo zisikatwe yakaisha? Madaktari wa upasuaji wamejiuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka 100, na sehemu kubwa ya jibu ilitoka kwa wanyama wa maabara: paka, panya na kima.

Kabla ya kuwafikia wanyama hao, ni lazima tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Si kila maumivu baada ya kiharusi ni ya neva. Bega la upande uliopooza huuma kwa wagonjwa wengi kwa sababu misuli iliyolegea haiushikilii mfupa mahali pake, au kwa sababu misuli imekakamaa, au kwa sababu wanaomhudumia humwinua kwa kumvuta mkono. Maumivu hayo yana tiba zake, na mengi hutulizwa kwa mazoezi, namna nzuri ya kumlaza mgonjwa na dawa za kawaida. Maumivu ya ubongo hayasikii parasetamoli, na hata dawa kali za jamii ya mofini huyapunguza kidogo mno.

Walioyaeleza maumivu haya kwa ukamilifu mara ya kwanza walikuwa madaktari wawili wa Ufaransa, Joseph Jules Dejerine na Gustave Roussy, mwaka wa 1906. Waliwaeleza wagonjwa waliopoteza hisi za nusu ya mwili, wakawa na udhaifu mdogo wa viungo, na juu ya hayo wakateswa na maumivu makali yasiyokubali dawa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kiharusi kilikuwa kimeharibu thalamasi, kiungo kilicho katikati ya ubongo ambacho hupokea karibu hisi zote za mwili kabla ya kuzigawa kwenye gamba la ubongo. Miaka mitano baadaye, 1911, Henry Head na Gordon Holmes wa Uingereza walipendekeza kwamba gamba la ubongo huidhibiti thalamasi, na kwamba udhibiti huo ukiondoka kila mguso huzidishwa ukawa mateso. Wazo hilo limerekebishwa sana tangu wakati huo, lakini kiini chake, kwamba maumivu haya hutokana na kukosekana kwa kizuizi, bado linatafutiwa ushahidi maabarani.

Wakati huo huo kisu kilikuwa tayari kazini. Mwaka wa 1889 Robert Abbe wa New York na William Bennett wa London, kila mmoja kwa njia yake, walikata mizizi ya nyuma ya neva, yaani pale nyuzi za hisi zinapoingia katika uti wa mgongo. Mwaka wa 1912 William Spiller na Edward Martin wa Philadelphia walitoa taarifa ya upasuaji wa kukata njia ya maumivu ndani ya uti wa mgongo wenyewe. Kwa mgonjwa wa saratani aliyebakiwa na miezi michache, upasuaji wa aina hii ulikuwa rehema, na mahali pengine ungali unafanywa. Kwa mtu aliye na miaka mingi mbele yake mambo yalikuwa tofauti. Maumivu yaliondoka kisha yakarudi, na mara nyingine yalirudi yakiwa mabaya kuliko ya awali, katika sehemu ambayo sasa haikuhisi chochote kingine. Madaktari walikuwa na jina la Kilatini la hali hiyo ya uso au kiungo kilichokufa ganzi lakini kinauma. Kumpa ugonjwa jina la Kilatini ni rahisi kuliko kuueleza.

Maelezo yalianza kupatikana miaka ya 1970. Mwaka wa 1974 Patrick Wall na Michael Gutnick walichapisha uchunguzi wao kuhusu neva za panya zilizokatwa. Ncha ya neva iliyokatwa haifi. Huchipua kama mti uliofyekwa, na machipukizi hayo yasipopata njia hujisokota yakawa kifundo. Watafiti hao waligundua kwamba kifundo hicho hutoa ishara chenyewe, bila kuguswa. Mwaka wa 1979 Wall na wenzake, akiwamo Marshall Devor, walieleza jambo la kutisha zaidi: panya waliokatwa neva zote za mguu wa nyuma, mguu usiohisi kitu, walianza kuutafuna. Wapo waliosema kwamba panya hula tu kitu asichokitambua kuwa chake. Wengine, na huo ndio mtazamo uliopata nguvu, waliona hapo mnyama anayeteswa na kiungo kilichokufa ganzi, sawa na binadamu aliyekatwa mguu anayelia kwamba vidole asivyo navyo vinauma.

Kukata neva nzima, hata hivyo, kulikuwa na kasoro kama chombo cha utafiti. Mguu usiohisi hauwezi kupimwa. Ndipo mwaka wa 1988 Gary Bennett na Yi-Kuan Xie, wa taasisi za kitaifa za afya za Marekani, walipobuni njia ambayo imerudiwa katika maabara kote ulimwenguni. Waliifunga neva ya siatiki ya panya, ile nene inayoteremka pajani, kwa vitanzi vinne vilivyolegea vya uzi wa utumbo unaotumika kushonea majeraha. Neva ilivimba, ikajibana yenyewe, nyuzi nyingi zikafa na chache zikabaki. Mguu wa panya huyo ulihisi, tena ulihisi kupita kiasi: aliunyanyua kutoka sakafuni, aliulinda, na joto au mguso mdogo ulimfanya auvute upesi. Mwaka wa 2000 Isabelle Decosterd na Clifford Woolf wa Boston waliendeleza hoja hiyo kwa kukata matawi mawili kati ya matatu ya neva hiyo na kuliacha moja zima. Ngozi inayohudumiwa na tawi zima, ambalo kisu hakikuligusa, ndiyo iliyokuwa kali kwa miezi.

Msomaji atafakari maana ya matokeo hayo. Tawi lililokatwa lilibadilisha kazi ya tawi lisilokatwa. Hilo haliwezekani isipokuwa kitu kimebadilika mahali yanapokutana, yaani katika uti wa mgongo. Na ndivyo ilivyokuwa. Neva ikikatwa, seli za uti wa mgongo zilizokuwa zikiipokea hupandisha sauti zao, mfano wa mtu aliyepoteza kituo cha redio akaongeza nguvu hadi mvumo mtupu ukamjaza masikio. Seli zinazozuia maumivu hudhoofika. Mwaka wa 2003 watafiti wa Japani, wakiwamo Makoto Tsuda na Kazuhide Inoue, walionyesha kwamba seli ndogo za ulinzi zilizo katika uti wa mgongo huamka baada ya neva kuumia na kuchochea maumivu hayo. Ikaonekana kana kwamba mhalifu amepatikana. Kisha mwaka wa 2015 kundi la Robert Sorge na Jeffrey Mogil likaripoti kwamba katika panya majike seli hizo hazina umuhimu huo. Maumivu yao hupitia njia nyingine. Kwa miongo mingi maabara zilikuwa zimetumia madume karibu peke yake, ilhali wagonjwa wanaofika kliniki wakilalamikia maumivu sugu wengi wao ni wanawake. Ni vigumu kulisoma hilo bila kutikisa kichwa.

Yote hayo yanahusu neva zilizojeruhiwa mwilini. Kiharusi kiko ubongoni, na kukitengeneza katika mnyama ni kazi ngumu zaidi. Njia ya kwanza ilikuwa kuikata barabara inayoelekea thalamasi. Katika Chuo Kikuu cha Nihon, Tokyo, Takashi Tsubokawa na wenzake waliikata njia hiyo ndani ya uti wa mgongo wa paka, wakasikiliza seli za thalamasi zikichachamaa, kisha wakagundua kwamba kuichochea kwa umeme sehemu ya gamba la ubongo inayoongoza misuli huzituliza. Taarifa hiyo ilitoka mwaka wa 1990, na mwaka uliofuata waliripoti tiba hiyo kwa wagonjwa wa kiharusi. Baadhi walipata nafuu. Angalia mwelekeo wake: paka aliyekatwa njia ya neva hakuwafunza madaktari mahali pa kukata, aliwafunza mahali pa kuacha kukata na kuweka umeme badala yake.

Njia ya pili ilikuja mwaka wa 2009. Jason Wasserman na Paulo Koeberle wa Toronto, Kanada, walidunga katika thalamasi ya panya kiasi kidogo cha kimeng'enya kinachoyeyusha kuta za mishipa ya damu. Damu ilivuja mahali pale pale ambapo Dejerine na Roussy walikuwa wamepaelekezea kidole, na miguu ya upande wa pili ikawa na ukali wa kupita kiasi kwa mguso na joto. Mwaka wa 2017 watafiti wa Japani walifanya jambo kama hilo kwa kima. Katika wanyama hao neva za mguu ni nzima kabisa. Hazina jeraha wala kifundo. Ukizikata huondoi kilichoharibika. Unaongeza jeraha la pili juu ya lile la kwanza.

Isije ikafikiriwa kwamba kukata neva hakuna nafasi kabisa baada ya kiharusi. Ipo, lakini ni kwa ukakamavu wa misuli, si kwa maumivu ya ubongo. Mwaka wa 1898 Charles Sherrington wa Uingereza alionyesha kwamba paka aliyetenganishwa na sehemu ya juu ya ubongo wake hukakamaa miguu yote minne, na kwamba mizizi ya nyuma ya neva za mguu mmoja ikikatwa, mguu huo hulegea. Mwaka wa 1908 Otfrid Foerster wa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, aliupeleka ujuzi huo kwa wagonjwa. Mfano wa karibu zaidi umetoka Shanghai, China. Mwaka wa 2018 kundi la Xu Wendong wa Hospitali ya Huashan lilitoa matokeo ya wagonjwa 36 waliokuwa na mkono mmoja uliopooza na kukakamaa kutokana na madhara ya ubongo. Nusu yao walifanyiwa upasuaji: neva moja ya shingo ya upande mzima ilikatwa, ikapitishwa hadi upande wa pili na kuunganishwa na neva mwenzake wa upande uliopooza, ambayo nayo ilikuwa imekatwa. Baada ya miezi 12, katika kipimo cha nguvu na utumiaji wa mkono, waliopasuliwa walikuwa wamepanda kwa wastani wa pointi 17.7 na waliofanya mazoezi pekee kwa pointi 2.6. Ukakamavu ulipungua. Wapo waliopata ganzi na maumivu katika mkono mzima uliotoa neva, ingawa kwa sehemu kubwa yalikuwa ya muda.

Kisa kinachoonyesha faida na gharama ya majaribio haya kwa pamoja ni cha kima wa Silver Spring, mji mdogo katika jimbo la Maryland, Marekani. Mwanasaikolojia Edward Taub alikuwa akikata mizizi ya hisi ya mikono ya kima. Wanyama hao waliacha kuutumia mkono uliokatwa hisi ijapokuwa neva za misuli zilikuwa salama. Lakini mkono mzima ulipofungwa, walilazimika kuutumia ule mwingine, na wakaweza. Taub alihitimisha kwamba mnyama alikuwa amejifunza kutoutumia. Mwaka wa 1981 Alex Pacheco, mmoja wa waanzilishi wa shirika la kutetea wanyama la PETA, aliingia katika maabara hiyo kama msaidizi wa kujitolea, akapiga picha, na mnamo Septemba polisi wakawachukua kima 17. Baadhi yao walikuwa wametafuna vidole vya mikono isiyohisi. Taub alishtakiwa, akatiwa hatiani kwa baadhi ya makosa, kisha mwaka wa 1983 mahakama ya rufani ya jimbo ikaifuta hukumu kwa hoja kwamba sheria ya jimbo hilo haikuhusu utafiti uliogharamiwa na serikali ya kitaifa. Bunge la Marekani liliimarisha sheria ya ustawi wa wanyama mwaka wa 1985, na kisa hicho kilikuwa miongoni mwa vichocheo.

Lakini kisa hakikuishia mahakamani. Mwaka wa 1991 Tim Pons na wenzake walichapisha uchunguzi wa ubongo wa baadhi ya kima hao, miaka 12 baada ya neva zao kukatwa. Sehemu ya gamba la ubongo iliyokuwa ya mkono haikuwa imelala. Ilikuwa imetwaliwa na uso: ukigusa kidevu, seli za mkono zilijibu. Matokeo hayo yalibomoa imani kwamba ubongo wa mtu mzima haubadiliki, yakafungua njia ya kuelewa maumivu ya viungo vilivyokatwa. Na wazo la Taub likawa tiba. Mgonjwa wa kiharusi huvalishwa glavu nene katika mkono mzima kwa saa nyingi za mchana, akafanya mazoezi makali kwa mkono dhaifu kwa wiki mbili. Jaribio lililohusisha wagonjwa 222 katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, matokeo yake yakitolewa mwaka wa 2006, lilithibitisha kwamba lina manufaa. Mwandishi huyu haoni jinsi mtu anavyoweza kusema kwamba faida hiyo inafuta mateso ya kima wale, wala jinsi anavyoweza kuitupa faida hiyo kwa sababu ya mateso hayo. Nchini Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, humtaka anayefanya majaribio ya namna hii awe na leseni.

Panya ana mipaka yake. Hawezi kusema "ninaungua". Mtafiti hugusa unyayo wake kwa nyuzi za unene mbalimbali, zilizobuniwa na Max von Frey mwishoni mwa karne ya 19, na kutazama ni uzi upi unaomfanya auvute mguu. Kuuvuta mguu ni kitendo cha uti wa mgongo. Mnyama ambaye uti wake umetenganishwa na ubongo bado atauvuta. Kwa maumivu ambayo chanzo chake ni ubongo, hicho ni kipimo dhaifu. Tangu mwaka wa 2010 maabara zimeanza kusoma uso wa panya, macho yanavyofumba na masikio yanavyorudi nyuma, lakini njia hiyo hufaa zaidi kwa maumivu ya saa na siku kuliko ya miezi. Gharama ya udhaifu huu imeonekana. Dawa za kuzuia kemikali iitwayo P, ambazo zilituliza maumivu ya wanyama, zilishindwa kwa binadamu katika miaka ya 1990. Mojawapo ya jamii hiyo iliidhinishwa mwaka wa 2003 kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani.

Mwaka wa 2018 swali la kale lilirudi kwa sura mpya. Simon Haroutounian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliwachukua wagonjwa 8 wenye maumivu ya ubongo baada ya kiharusi, wakazitia ganzi neva za kiungo kinachouma kwa sindano ya lidokeni. Walio wengi, maumivu yalitoweka kwa muda. Kwa hivyo thalamasi iliyoharibika haipigi kelele peke yake. Inahitaji ishara kutoka mkononi, hata zile za kawaida, ili izigeuze kuwa mateso. Wagonjwa walikuwa wachache na hapakuwa na sindano ya maji ya kulinganishia. Lakini hata matokeo hayo yakithibitishwa, hayampi daktari ruhusa ya kukata. Ganzi ya sindano humalizika baada ya saa chache na neva inabaki ilivyokuwa. Neva iliyokatwa ina kifundo chake, na uti wa mgongo wenye masikio yaliyoongezwa nguvu, kama panya wa Wall.

Kwa sasa tiba ni dawa, na hazitoshi. Mwaka wa 1989 Göran Leijon na Jörgen Boivie wa Uswidi waliijaribu amitriptilini, dawa ya zamani ya huzuni iliyo rahisi na iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa wagonjwa 15, ikapunguza maumivu. Lamotrijini ilionyesha nafuu ya wastani mwaka wa 2001. Pregabalini, iliyopimwa kwa wagonjwa 219 na matokeo kutolewa mwaka wa 2011, haikufikia lengo lake kuu, ingawa iliwasaidia kulala na kupunguza wasiwasi. Amitriptilini huanzwa kwa kipimo kidogo wakati wa kulala na kuongezwa polepole. Kwa wazee huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kuzuia mkojo na kuwachanganya mawazo, kwa hivyo daktari aambiwe mapema kuhusu ugonjwa wowote wa moyo na dawa nyingine zote ambazo mgonjwa anatumia.